Mwanafunzi wa Kumi na Mbili

Mjukuu wangu aliniomba niwe mjinga kwa asubuhi moja tu, na hata hilo likanishinda.

Naanzia hapo kwa sababu nyumbani wakisimulia kisa hiki wanamtupia yeye lawama zote, na mimi sipendi. Alikosea, sikatai, na nitasema alikosea wapi. Lakini mimi nina miaka sabini na miwili, arobaini na mitano kati ya hiyo nimeimaliza nimekaa kwenye cherehani, na mdomo wangu nilikuwa nimeuahidi utatulia. Mdomo ulitulia. Mikono ndiyo iliyoniponza.

Huyu mjukuu ni mtoto wa binti yangu wa pili. Mimi humwita mke mwenzangu, maana tangu akiwa mdogo hakubali babu yake anywe chai kabla yeye hajaionja, na akinikuta nimekaa karibu na mzee ananisogeza kwa kiwiko. Babu yake ametangulia, jina la utani limebaki. Nilimfundisha kushona akiwa na miaka tisa. Baadaye akaenda chuo, akarudi na vyeti viwili vyenye mihuri, akashona kwenye duka la watu miaka minne. Mwaka huu akapata alichokuwa anakililia: kufundisha. Kituo cha mafunzo kilicho karibu na kwetu kilimpa chumba chenye cherehani za kukanyaga kwa miguu, kumi na mbili za wanafunzi na moja ya mwalimu, awafundishe watu wazima ambao hawajui kitu.

Mkuu wa kituo ni mwanamume mfupi, mpole, mwenye fungu la funguo kiunoni. Unamsikia kabla hujamwona. Alimwambia mjukuu wangu hivi: "Binti, siku ya kwanza, saa sita mchana, nitapita na daftari langu. Nikikuta wanafunzi kumi na wawili wamekaa, darasa ni lako mwaka mzima. Nikikuta pungufu, nitakuomba radhi, chumba nitawapa watu wa kompyuta. Wananiganda kila siku."

Na waliojiandikisha walikuwa kumi na mmoja.

Basi Jumapili mchana akaja kukaa karibu nami, akaanza kunipapasa mkono. Mtu akikupapasa mkono mchana kweupe, ujue ana shida.

"Bibi, kesho njoo ukae darasani. Nyuma kabisa. Ukae kama mtu anayeanza."

"Mimi? Nianze kushona?"

"Asubuhi moja tu. Mkuu akishahesabu, nitatafuta mwingine taratibu, wewe urudi kupumzika."

"Na watu wakiniuliza?"

"Sema hujawahi kugusa cherehani."

"Mke mwenzangu, hilo gauni ulilovaa alilishona nani?"

"Bibi, ndiyo maana nasema usiongee. Kaa tu. Usiongee, usimsaidie mtu, usimrekebishe mtu. Na mimi usinirekebishe."

Nilikubali. Ningesema nini? Alikuwa na macho yale yale ya kumnyang'anya babu yake chai. Jioni nikajaribu kushona vibaya ili nizoee. Nilichukua kitambaa kibovu, nikakaza roho, nikapeleka mshono huku na huku kama mlevi. Nilipokiinua, mshono ulikuwa umepinda, ndiyo, lakini ulipinda vizuri. Nikakitupa.

Kilichonichosha hasa siku zile ni simu yake. Alikuwa amekusanya humo maneno ya watu wanaowafundisha walimu jinsi ya kupendeza siku ya kwanza, na akawa anatembea nayo nyumba nzima akisoma kwa sauti. Mwanafunzi anakuhukumu dakika ya kwanza. Simama katikati. Mtazame kila mtu machoni. Usicheke ovyo, watakuzoea. Anza na ndoto, usianze na mambo madogo madogo. Onyesha kazi yako bora kuliko zote. Kila mwanafunzi aondoke na kitu alichokitengeneza mwenyewe.

"Hilo la mwisho lina maana," nikamwambia. "Hayo mengine ni ya mtu anayegombea ubunge."

"Bibi, zamani si sasa."

"Miguu ya watu imebadilika? Mtu ambaye hajawahi kukanyaga cherehani utampa uzi siku ya kwanza? Wewe nilikuanzisha vipi?"

Anajua nilivyomwanzisha. Nilitoa uzi wote, nikampa gazeti kuukuu lililochorwa mistari kwa kalamu, nikamwambia akanyage afuate mstari. Sindano inatoboa karatasi, tundu, tundu, tundu, na ukipotea unaona mwenyewe umepotelea wapi. Wiki nzima alitoboa magazeti. Hakuna fundi ninayemheshimu ambaye hakuanza hivyo.

"Magazeti yataniaibisha," akasema. "Watu wazima wameacha kazi zao waje kutoboa magazeti? Watasema hawa wanacheza na sisi."

Asubuhi ya Jumatatu nikatia magazeti kwenye mfuko wangu hata hivyo, pamoja na rula na kalamu. Akaniona.

"Bibi."

"Ni ya kukalia," nikasema. "Viti vya kule sivijui."

*

Tulifika saa moja na nusu, tukaingia kwa milango tofauti kama wezi. Chumba kilikuwa kizuri, safi, sakafu ya saruji, madirisha mawili makubwa yanayotazama uani. Kwenye dirisha kubwa, lile lenye mwanga wa asubuhi, alikuwa ameweka sanamu la kuvalishia nguo, na juu ya sanamu gauni la bibi harusi. Ni kazi yake bora, sisemi uongo. Shanga ndogo ndogo kifuani zote kazishona kwa mkono, mkia umemwagika hadi sakafuni. Lilielekezwa nje, ili kila anayepita uani alione. Ndani likaziba mwanga wote.

Na cherehani zote alikuwa amezitia uzi. Zote. Juu uzi, chini uzi, na kando ya kila moja vipande viwili vya kitambaa vilivyokatwa tayari kwa ajili ya mfuko wa shati. Alikuwa amefika alfajiri kuzipanga, nikaona macho yake mekundu. Nilitaka kumkumbatia na kumzaba kibao kwa wakati mmoja.

Wanafunzi wakaja. Sitawataja wote. Alikuwepo muuguzi mstaafu, mama mwenye mgongo ulionyooka kama mlango, aliyeketi mbele. Walikuwepo dada wawili wanaotumia mkoba mmoja. Na kando yangu akakaa fundi bomba, mtu mzima mwenye mikono kama koleo. Nilipotaka kuketi alikitikisa kiti changu kwanza, akakikuta kinayumba, akakibadilisha na chake bila kusema neno. Mambo kama hayo mimi huyaona, na siyasahau.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Na wewe unataka kushona?"

"Magoti yamechoka kuingia chini ya masinki ya watu. Mke wangu ndiye anayependa cherehani, lakini hataki kuingia. Yuko pale nje kwenye benchi. Amenisindikiza."

Saa mbili kamili mlango ukafunguliwa. Ko, ko, ko. Viatu virefu kwenye saruji. Mjukuu wangu alikuwa amevaa suti ya kijivu yenye mabega, nywele zimebanwa hadi nyusi zimepanda. Akatembea hadi katikati. Akasimama. Akaanza kututazama machoni, mmoja mmoja, bila kusema kitu. Fundi bomba alipofikiwa akajikagua vifungo vya shati.

"Karibuni," akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwetu, "katika safari ya ubunifu."

Hakusalimia.

Mtoto niliyemlea mimi aliingia kwenye chumba chenye watu waliomzidi umri karibu wote, na hakusalimia! Hakuna habari za asubuhi, hakuna shikamoo. Nilimwona muuguzi mstaafu akingoja. Alikuwa amekwisha kuandaa uso wake wa kuitikia marahaba. Akaendelea kuuandaa kidogo, kisha akaukunja, akauweka. Mimi kiti kikawa cha moto. Nikajishika mdomo kwa leso.

Akasimulia ndoto zake. Akasimulia vyeti vyake, cha kwanza na cha pili. Akaonyesha gauni kwa mkono, akasema, "Siku moja, hata ninyi." Dada wawili wakaangalia gauni, kisha wakaangalia vidole vyao.

"Huyu anafundisha au anahutubia?" fundi bomba akaninong'oneza.

Nikakohoa.

"Leo," akasema mjukuu wangu, "kila mmoja ataondoka na mfuko wa shati alioushona mwenyewe. Kila kitu kiko tayari. Anzeni kukanyaga."

Anzeni kukanyaga! Asiyejua cherehani ya miguu nimweleze: ukikanyaga bila kuliongoza gurudumu kwa mkono, linaweza kuzunguka kinyume, na likizunguka kinyume uzi unajisokota na kukatika. Kila mgeni hukosea hapo. Ndiyo maana ya karatasi. Karatasi haina uzi wa kukatika.

Sikumaliza hata kuvuta pumzi. Tap, ukakatika uzi wa kwanza. Tap, tap. Chini ya kitambaa cha muuguzi pakafumka kiota cha uzi kama cha ndege. Dada mmoja alipiga yowe, sindano ilikuwa imevunjika. Fundi bomba alikanyaga mara moja tu, kwa mguu uliozoea kazi nzito, cherehani yake ikaruka ikasogea kama punda aliyechokozwa.

"Mwalimu, yangu imekufa."

"Mwalimu, uzi unapita wapi?"

"Mwalimu, njoo huku kwanza!"

Na mwalimu, ko, ko, ko, anakimbia kutoka huku kwenda kule, suti inambana kwapani, anamtilia uzi huyu, anakatika wa yule. Anafanya mwenyewe kila kitu, haraka, na mwanafunzi anakodoa macho bila kuelewa ameona nini. Nilimtazama nikasema moyoni, mama wee, sema tu hivi: tuache, tutoe uzi, tuanze upya. Maneno hayo si mengi. Sema basi. Lakini aibu ilikuwa imemkaba. Ameshawaambia wataondoka na mfuko, na mfuko ndio anaoufukuzia.

Nilikuwa nimekasirika. Nimkasirikie nani? Yeye, na simu yake, na mimi mwenyewe niliyekubali kukaa pale kama gunia. Macho yangu yalikuwa kwake tu, yamemfuata huku na huku, na kadiri nilivyomtazama ndivyo nilivyozidi kuchemka.

"Bibi," akasema fundi bomba. "Hebu rudia hapo."

"Nirudie nini?"

"Hicho ulichofanya."

Nikaangalia chini. Mfuko wa shati ulikuwa umekwisha. Umekunjwa pindo, umeshonwa pande tatu, umerudishwa mshono mwishoni ili usifumuke, na uzi nimekwisha kuukata kwa jino. Ulikuwa bado mdomoni. Mahali fulani katikati uzi ulikatika, nakumbuka kwa mbali vidole vyangu vikiulowesha na kuupitisha tena kwenye tundu la sindano, bila miwani, bila kutazama, kama mtu anavyojikuna.

Muuguzi mstaafu aliinuka, akaja akauchukua mfuko. Akaugeuza upande wa ndani. Watu wa hospitali wana jicho la mshono.

"Mama," akaniambia, "umesema hujawahi kugusa cherehani?"

Sikuwa nimesema. Lakini alipoingia, akaniuliza kama na mimi ni mgeni, niliitikia kwa kichwa. Ni uongo ule ule.

Mmoja wa wale dada akamtazama mwalimu, akanitazama mimi. Paji letu la uso ni moja, mimi na mjukuu wangu, huwezi kulificha.

"Wamefanana," akasema. "Huyu ni mtu wake! Amewekwa kujaza kiti."

"Kumbe ni maigizo," akasema mwingine.

"Nami nasema mbona anatia uzi bila kutazama, kumbe ni kipofu wa kulipwa," fundi bomba akasema, na wachache wakacheka, lakini si kicheko kizuri. Wale dada wakaanza kutia vitu kwenye mkoba wao mmoja.

Hapo ndipo nilipotaka kufa. Asubuhi nzima nilikuwa namlaumu mtoto kwamba anajiharibia, na aliyekuja kumharibia ni mimi. Nikafungua mdomo ili nijitetee kwa lolote, niseme ni jirani, niseme nimezeeka nimechanganyikiwa. Mjukuu wangu akaniwahi.

Alivua viatu. Sijui kwa nini alianzia hapo. Alivisukuma chini ya meza kwa mguu, akawa mfupi ghafla, akawa yule ninayemjua.

"Shikamooni," akasema.

Watu hawakutegemea. Wengine wakaitikia kwa mazoea tu, marahaba, nusu nusu. Muuguzi akaitikia yote, taratibu, kama anayepokea mzigo wake uliocheleweshwa.

"Huyu ni bibi yangu, mama yake mama. Ndiye aliyenifundisha kushona. Mlijiandikisha kumi na mmoja, na Mkuu anataka kumi na wawili, akikosa darasa linafungwa leo saa sita. Nikamwomba bibi aje adanganye. Yeye hakutaka. Na hayo mengine," akaashiria viota vya uzi, "nayo ni makosa yangu. Nilitaka mnione najua sana."

Kisha akachukua daftari la mahudhurio, akatafuta mstari wa kumi na mbili, akaukata kwa kalamu.

"Bibi, tafadhali, kakae nje."

Nilitaka kumwambia, mtoto wewe, kukata jina kulikuwa na haraka gani? Ungesema ukweli ukaniacha nimekaa! Saa tano kasorobo na wewe unakata jina! Lakini nikainuka. Fundi bomba akanishika kiwiko hadi mlangoni. Nyuma yangu nikamsikia muuguzi akiwaambia wale dada, "Kaeni chini. Kama ni kufungwa, lifungwe sisi tukiwa ndani. Mimi nimeamka mapema leo."

Mfuko wangu wa magazeti niliusahau chini ya kiti. Nyumbani wanasema niliuacha makusudi. Niliusahau.

*

Kwenye benchi la nje alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo, mnene kidogo, na chupa ya chai mapajani. Hakuniuliza nimefukuzwa kwa nini. Alinisogelea, akanimiminia chai kwenye kifuniko, akakipuliza kwanza kabla ya kunipa.

"Kunywa, mama. Sauti zimefika mpaka huku."

"Wewe ni mke wa fundi bomba."

"Ndiye mimi. Anaendeleaje?"

"Ameitoa cherehani mbio."

Akacheka hadi mabega yakatikisika. Akaniambia kuwa yeye ndiye aliyeliona tangazo la darasa. Tangu msichana alikuwa akisimama kwenye vibaraza vya mafundi, anaangalia sindano ikipanda na kushuka mpaka anafukuzwa. Wiki iliyopita alikuja kujiandikisha, akafika hapa uani.

"Ikawaje?"

Akaonyesha dirisha kwa kidevu. "Nikaliona lile gauni. Mtu analiweka dirishani. Nikajiambia, hapa wanaingia watu waliokwisha kujua. Mimi hata kifungo kinanishinda. Nikamwandikisha mume wangu."

Nilishika tama. Siku nzima ile sikuwa nimekasirika kama nilivyokasirika hapo. Kumbe mtu wa kumi na mbili alikuwepo! Alikuja kwa miguu yake, akafika mpaka mlangoni, akafukuzwa na nguo. Nilitaka kumwambia ainuke aingie, nimburute kwa mkono. Kisha nikamkumbuka mjukuu wangu anavyokata jina langu, nikaona asubuhi hiyo nimekwisha kuingilia kiasi cha kutosha. Nikanywa chai.

Ndani palikuwa kimya muda mrefu. Halafu ikasikika sauti ya muuguzi: "Mwalimu, hii mistari siioni. Lile gauni linakula mwanga wote." Na ya mjukuu wangu: "Ngoja nilitoe."

Sanamu likaondoka dirishani, likiyumba. Mwanga ukaingia chumbani wote kwa mara moja, na sisi tukaona ndani.

Walikuwa na magazeti yangu. Kila mtu na ukurasa wake uliopigwa mistari kwa rula. Uzi wote umetolewa. Mjukuu wangu hakusimama katikati, alikuwa amechuchumaa bila viatu pembeni ya cherehani ya mmoja wa wale dada, ameweka kiganja chake juu ya mguu wa yule dada kwenye kikanyagio, anauendesha pamoja naye. "Mkono kwenye gurudumu kwanza. Ulete kwako. Sasa mguu. Kisigino, vidole. Kisigino, vidole. Umepotea? Haidhuru, angalia tundu lako, limekuonyesha." Ni maneno yangu, mpaka pumzi. Machozi yakanijia, nikasingizia chai.

Na dirishani kabisa, mwangani, fundi bomba. Ulimi nje, shingo imekazwa, mikono miwili mikubwa imelibana gazeti kama anazuia bomba lililopasuka. Sindano inatoboa kila mahali isipokuwa kwenye mstari. Alikuwa amekwisha kutoka kwenye matangazo, sasa yumo kwenye habari za michezo.

Mke wake alisimama. Akasogea dirishani.

"We!" akasema. "Legeza mikono. Unalivuta!"

"Niache, mama watoto, nina kazi."

"Kazi gani, unachinja? Legeza, cherehani inalipeleka yenyewe. Kwani wewe huoni?"

Darasa zima likacheka, safari hii kicheko chenyewe. Mjukuu wangu akainuka, akaja dirishani, akampa shikamoo.

"Mama, wewe unaona kosa lake kutoka huko nje. Ingia basi umwonyeshe."

"Mimi? Mimi sijui kitu, mwanangu."

"Wote humu hatujui. Bibi yangu ndiye pekee aliyekuwa anajua, nami nimemtoa."

Yule mama alinigeukia. Na hapo hapo, kutoka upande wa ofisi, nikazisikia funguo. Chiring, chiring, zinakuja bila haraka. Sikusema kitu, namshukuru Mungu. Nilinyoosha mkono tu, nikampokea chupa ya chai.

Akaingia. Kiti alichokikuta yule mama kitupu ni kile changu, kisichoyumba.

Mkuu wa kituo akanikuta benchini, akanisalimia kwa heshima, akachungulia daftari lake. "Bibi, na wewe si ni wa darasa hili? Jina lako ninalo hapa."

"Likate, mwanangu," nikasema. "Mimi nimekuja na chai."

Akaingia. Nikamsikia akihesabu kwa sauti, na kwa kidole bila shaka, kama mtu anayehesabu kuku wake. Kumi. Kumi na mmoja. Akasita.

"Na huyu mama? Sina jina lake."

"Nimeanza sasa hivi," akasema mke wa fundi bomba, bila kuinua macho, na nikasikia gurudumu linazunguka, na kwa sauti yake nikajua linazunguka upande unaotakiwa. "Ngoja nimalize mstari huu nitakupa."

Mkuu alingoja. Namsifu kwa hilo. Alisimama kando yake na kalamu mkononi mpaka mstari ukaisha.

*

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mke mwenzangu kashika viatu mkononi na mimi nimeshika mfuko mtupu. Magazeti yote walikuwa wameondoka nayo. Kila mtu alitaka kwenda kuonyesha nyumbani matundu yake. Fundi bomba alikunja lake akalitia kwenye mfuko wa shati.

"Bibi, umekasirika?"

"Sana."

"Kwa sababu nimekutoa?"

"Kwa sababu hukusalimia."

Akainamisha kichwa. Tulipofika kwenye kona akatoa simu. Nikadhani anaanza tena, nikavuta pumzi ya kugomba, lakini alikuwa anaandika majina ya wanafunzi wake, na kando ya kila jina kitu kidogo. Muuguzi, akae dirishani. Dada mkubwa, mguu wa kushoto ndio wenye nguvu.

"Kesho nije?" nikamuuliza.

"Kesho usije, Bibi."

"Hata nyuma kabisa?"

"Hata nyuma kabisa. Mikono yako siiamini."

Tukatembea kidogo.

"Lakini magazeti," akasema, "kama yapo mengine, nitayachukua."

"Yapo chini ya kitanda. Nimekwisha kuyapiga mistari."